Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uvimbe wa Pituitari Unaosambaa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya homoni. Uvimbe wa tezi ya pituitari tunauona kila wiki. Ule unaosambaa mpaka kwenye ini, mifupa au uti wa mgongo nimeuona kwa wagonjwa watatu tu katika miaka yangu yote ya kazi. Lakini hofu yake naiona kila siku ya kliniki: mtu kashika karatasi ya majibu mkononi, kaandika neno geni kwenye simu yake, na simu imemmwagia mambo mpaka usiku amekosa usingizi. Haya ni majibu kama ninavyoyatoa nikiwa nimekaa na mgonjwa benchi moja. Daktari wako anayejua mwili wako ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu dawa zako.

Sista, hii pituitari ni kitu gani, na iko wapi?

Ni tezi ndogo kama punje ya njegere, uzito wake nusu gramu hivi. Inaning'inia chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki kwa sababu ya umbo lake. Juu yake kidogo mishipa ya fahamu ya macho mawili inapishana. Tezi hii ndiyo inayoziamrisha nyingine: tezi ya shingo, tezi za juu ya figo, ovari, korodani. Inahusika na maziwa ya mama na urefu wa mtoto. Ndiyo maana kitu kidogo tu kikiota pale, mwili mzima unayumba.

Nimeambiwa nina uvimbe wa pituitari. Ni saratani?

Karibu kila mara, hapana. Katika kila uvimbe 1,000 wa pituitari, unaosambaa ni mmoja au wawili. Ukiwapiga picha ya kichwa watu wazima wasio na shida yoyote, kama mmoja kati ya kumi utamkuta na kitu kidogo pale, na wengi watazeeka nacho bila kujua. Wenye uvimbe unaohitaji kushughulikiwa ni kama mtu mmoja kati ya 1,000.

Kuna kundi la katikati ambalo watu hawaambiwi mapema. Ni uvimbe ambao haujasambaa lakini ni mkorofi: unakua haraka, unapenya mfupa, unarudi baada ya upasuaji, haujali mionzi wala vidonge. Huu unatibiwa karibu sawa na unaosambaa, na unapaswa kuangaliwa kwa jicho lilelile.

Sasa daktari anajuaje kwamba wangu hautasambaa?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linabadilisha namna mtu anavyoitunza kliniki yake.

Saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi, kinyama kikifika maabara, mtaalamu wa patholojia anaweka jicho kwenye hadubini na kusema: hii ni saratani. Kwa pituitari hadubini peke yake haitoi jibu hilo. Chembe za uvimbe utakaosambaa na chembe za uvimbe utakaotulia miaka 30 zinaweza kufanana kama maharage ya debe moja. Hata uvimbe uliokula mfupa wa pembeni hauitwi saratani kwa sababu hiyo tu. Kinachoupa jina ni jambo moja: kupatikana mahali pengine, mbali na ulipoanzia na bila kuungana na ule wa mwanzo. Mahali hapo panaweza kuwa sehemu nyingine ya ubongo, uti wa mgongo, au kiungo kingine kabisa.

Maana yake jina la ugonjwa huu huja kwa kuchelewa. Mtu hufanyiwa upasuaji, huambiwa uvimbe si wa saratani, na aliyemwambia hakumdanganya, maana siku ile ndivyo ulivyokuwa. Kinachoweza kuugundua mapema ni ufuatiliaji: namba za homoni mwaka hadi mwaka, picha za zamani kando ya mpya, na kinyama cha upasuaji wa kwanza kilichohifadhiwa vizuri. Mgonjwa aliyepoteza faili lake amepoteza nusu ya kipimo.

Karatasi yangu imeandikwa "Ki-67 asilimia 6". Nife moyo?

Hapana. Ki-67 ni kipimo cha kuonyesha ni chembe ngapi kati ya 100 zilikuwa zinajigawa wakati uvimbe ulipotolewa. Ikifika 3 au kupita, wataalamu hukaa macho zaidi. Huangalia pia idadi ya chembe zilizokutwa katikati ya kujigawa, na protini inayoitwa p53. Vyote vitatu vikiwa juu, na uvimbe wenyewe umeingia kwenye mifupa au mishipa ya jirani, daktari ataomba urudi kupima mapema zaidi. Hizo ni dalili za ukorofi. Wapo wenye Ki-67 ya juu ambao uvimbe haujawahi kurudi.

Aina ya uvimbe nayo ina uzito. Katika unaosambaa, mwingi ni ule unaotengeneza ACTH, homoni inayozisukuma tezi za juu ya figo, na ule unaotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Wenye prolaktini kwa mwanaume huwa mkaidi kuliko kwa mwanamke. Upo pia uvimbe wa ACTH ulionyamaza, ambao hautoi homoni ya kuonekana kwenye damu. Ukimya wake usikupumbaze, kwa kuwa unaongoza kwa kurudi.

Mbona karatasi ya 2012 inasema "adenoma", na ya sasa inasema "PitNET"?

Ni kitu kilekile, wataalamu ndio waliobadilisha majina. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2004 ulikuwa na kundi la "adenoma isiyo ya kawaida". Ule wa 2017 ukaliondoa, maana lilishindwa kutabiri nani ataugua zaidi. Mwaka 2022 likaja jina PitNET, yaani uvimbe wa nyuroendokrini wa pituitari, na kilichokuwa kikiitwa saratani ya pituitari kikaitwa PitNET iliyosambaa. Nimewahi kumkuta mama analia koridoni akidhani amepata ugonjwa wa pili. Hakuna kilichokuwa kimebadilika kichwani mwake.

Ukisambaa huenda wapi, na baada ya muda gani?

Njia ya kwanza ni maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo: chembe hudondoka humo na kushika utando wa ubongo au mgongo. Njia ya pili ni damu na mitoki, na hapo huenda kwenye ini, mifupa, mapafu au mitoki ya shingo. Kati ya uvimbe wa kwanza kugunduliwa na kusambaa huwa inapita miaka, mara nyingi mitano hadi kumi, ingawa wapo waliosambaziwa ndani ya miezi, na wapo waliokaa zaidi ya miaka 20.

Dalili zake ni zipi?

Anza na zile za uvimbe wenyewe. Kichwa kinachouma bila kukoma. Macho kupoteza pembeni: mtu anasoma gazeti vizuri, lakini anagonga fremu za milango na haoni bodaboda inayotokea ubavuni. Mwanamke kukosa hedhi, au kutoka maziwa bila kunyonyesha. Mwanaume kupungukiwa nguvu za kiume. Pete kubana na viatu kupanda namba, kama uvimbe unatoa homoni ya ukuaji. Uso kuwa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni, misuli ya mapaja kuisha na sukari kupanda, kama ni wa ACTH.

Kuna dereva mmoja wa malori niliyemhudumia tangu siku yake ya kwanza kliniki. Alikuwa amevunja vioo vya pembeni vya gari mara mbili katika mwezi mmoja, kulia na kushoto, na tajiri wake akadhani ameanza kunywa. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akinunua dawa za miti shamba za nguvu za kiume. Mambo yote mawili yalikuwa na chanzo kimoja chenye upana wa sentimita nne na nusu. Nitarudi kwake.

Dalili za kusambaa hutegemea ulikotua: maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, uvimbe shingoni, kupungua mwili. Na ipo dalili isiyouma kabisa, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi: homoni inapanda huku picha ya kichwa imetulia. Kitu kinatengeneza homoni ile, na kama hakiko kichwani, kitafutwe kwingine.

Uso wangu umevimba na nina michirizi. Natumia krimu ya kung'arisha ngozi. Ndiyo pituitari?

Asante kwa kusema ukweli, maana wengi huficha. Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na vidonge vinavyouzwa vya kunenepesha mara nyingi ni deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi. Zikitumika muda mrefu huleta sura ileile ya uvimbe wa ACTH, huku pituitari ikiwa salama kabisa. Kabla hujapigwa picha ya kichwa, leta kliniki kila kopo na kila paketi, hata vile unavyoona haya kuvitoa. Lakini usiviache ghafla kwa kuogopa. Tezi zako za juu ya figo zimelala, na ukizikatia mara moja unaweza kuanguka. Daktari atakupunguzia taratibu.

Dada yangu ana saratani ya matiti, na sasa wameona kitu kwenye pituitari. Ndiyo huu ugonjwa?

Huo ni mwingine, japo majina yanakaribiana. Saratani ya matiti na ya mapafu ndizo zinazoongoza kwa kutuma mbegu kwenye pituitari; hapo tezi imepokea mgeni. Kiashiria kimoja ni kiu isiyoisha na kukojoa maji meupe lita nyingi kwa siku, usiku na mchana. Uvimbe wa kawaida wa pituitari ni nadra kuleta hivyo kabla ya upasuaji. Matibabu yake hufuata saratani ya mwanzo. Kwetu huku kifua kikuu nacho kinaweza kukaa pale na kujifanya uvimbe, kwa hiyo historia ya kikohozi na dawa za TB itajwe.

Nitapimwa vipimo gani?

Damu ya homoni zote za pituitari, si moja. MRI ya kichwa, yaani picha ya mashine ya sumaku, yenye dawa ya kuchomwa mshipani ili uvimbe uonekane. Kipimo cha upeo wa macho, ambapo unabonyeza kitufe kila unapoona kinukta cha mwanga. Kukiwa na shaka ya kusambaa, MRI ya uti wa mgongo mzima, CT ya kifua na tumbo, wakati mwingine maji ya mgongo, na PET, picha ya mwili mzima inayowasha palipo na uvimbe, panapopatikana. Kinyama kutoka kwenye ini au mtoki ndicho huthibitisha, kikipakwa rangi za maabara zinazoonyesha kwamba chembe zile zimetoka pituitari.

Siku ya MRI vua kipini, hereni na vibanio vya nywele. Kama umesukia kitu chenye waya, fumua nyumbani. Nimeona watu waliosafiri usiku kucha kutoka mkoani wakirudishwa mlangoni kwa ajili ya kichwa kilichosukwa.

Kuhusu prolaktini, nitaeleza mambo mawili polepole kwa sababu yanaumiza watu.

La kwanza ni vipimio. Maabara moja inaandika ng/ml, nyingine mIU/L, na 1 ya kwanza ni kama 21 ya pili. Prolaktini ya 30 hapa ni kama 630 kule. Kabla hujalia, soma herufi zinazofuata namba.

La pili ni prolaktini inayozidi uwezo wa mashine. Ikiwa nyingi mno, mashine huzidiwa na kutoa jibu dogo la uongo. Yule dereva wangu majibu yalitoka 140, namba ndogo kwa uvimbe mkubwa kiasi kile, na alikuwa ameshapangiwa upasuaji. Daktari akaomba damu izimuliwe mara 100 na kupimwa upya. Ikatoka zaidi ya 9,000. Mpango ukageuka siku hiyohiyo, kwa kuwa uvimbe wa prolaktini huanzishiwa vidonge vya kabegolini kwanza, kisu baadaye kama kinahitajika. Uvimbe mkubwa ukija na prolaktini ndogo, una haki ya kuuliza: damu imezimuliwa?

Wanataka kunifanyia upasuaji mara ya tatu. Nikubali?

Muulize daktari anatarajia kupata nini. Kuokoa macho? Kuondoa mzigo ili mionzi au dawa zifanye kazi vizuri? Kuchukua kinyama kipya? Zote ni sababu nzuri. Aliyeufungua mlango wa kuufikia uvimbe kupitia puani ni Hermann Schloffer, mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Leo upasuaji mwingi hupita puani kwa kamera nyembamba, bila kufungua fuvu. Kwa uvimbe mkorofi tafuta mikono iliyozoea pituitari hasa. Hapa mazoea ya daktari yana thamani kuliko ukaribu wa hospitali.

Baada ya upasuaji usipenge kamasi wala kujikamua chooni. Ukiinama na maji meupe yenye chumvichumvi yakadondoka puani, rudi hospitali siku hiyo. Hayo si mafua, ni maji ya ubongo yanavuja.

Mionzi ikoje?

Ya kawaida hutolewa kidogokidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Unatengenezewa kinyago cha plastiki kinacholainishwa kwenye maji ya moto na kubandikwa usoni mpaka kichukue umbo lako, ili kichwa kisicheze. Rasta zikiwepo kinyago hakikai, kwa hiyo kichwa kiwe wazi siku ya vipimo vya kinyago na kibaki hivyo. Ipo pia mionzi ya dozi kubwa inayolenga sehemu ndogo kwa siku chache, na hii hufaa uvimbe ulio mbali na mishipa ya macho. Uvimbe uliotua kwenye mfupa au pingili hupigwa mionzi pia, na maumivu hupungua sana.

Kazi yake huonekana polepole, na bei yake nayo huja polepole. Miaka inayofuata pituitari iliyobaki inaweza kuchoka homoni moja baada ya nyingine. Ukianza kuhisi baridi, uchovu na kizunguzungu mwaka wa tatu baada ya mionzi, usiseme ni umri. Pima.

Hii dawa temozolomidi ndiyo nini?

Ni dawa ya saratani ya vidonge, iliyoanza kwenye uvimbe mkali wa ubongo wenyewe. Ripoti za mwaka 2006 zilionyesha kwamba inaweza kuzima uvimbe wa pituitari uliokuwa umeshindikana, na mwongozo wa jumuiya ya madaktari wa homoni wa Ulaya wa 2018 ukaiweka kuwa dawa ya kwanza ya aina hii kwa uvimbe mkorofi na uliosambaa. Katika takwimu za Ulaya zilizochapishwa mwaka huohuo, wagonjwa 37 kati ya 100 uvimbe ulipungua, 33 ulisimama pale ulipokuwa, na 30 uliendelea kukua. Kwa ugonjwa ambao zamani haukuwa na dawa, namba hizo zina maana kubwa.

Humezwa siku tano, kisha mapumziko mpaka siku ya 28. Meza tumbo likiwa tupu, usiku, dawa ya kuzuia kichefuchefu ikiwa imetangulia nusu saa. Kapsuli usifungue wala usitafune, hata kama ni kubwa; unga wake hautakiwi kugusa ngozi yako wala ya anayekuhudumia. Damu hupimwa kila mzunguko, kwa sababu chembe nyeupe na chembe sahani hushuka. Homa ukiwa kwenye dawa hii hailaliwi nyumbani. Homa ya ini ya B ipimwe kabla, maana inaweza kuamka. Mwanaume anayetaka watoto aulize kuhusu kuhifadhi mbegu, na wote, wake kwa waume, watumie uzazi wa mpango.

Baada ya mizunguko mitatu hupigwa MRI. Uvimbe ukiwa unaendelea kukua, dawa husimamishwa, hakuna haja ya kuumizwa na kitu kisichosaidia. Ukisikia, inaendelea angalau miezi sita. Maabara nyingine hupima protini ya MGMT kwenye kinyama cha upasuaji; ikiwa kidogo, matumaini ya dawa kufanya kazi ni makubwa zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kukitunza kinyama kile. Mgonjwa wangu wa pili kinyama chake kilikuwa kimetupwa na maabara iliyokipokea, na ikabidi tuamue bila kukiona.

Ikishindikana?

Bado yapo ya kujaribu, ingawa hapa ushahidi ni wa wagonjwa wachache. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa aliyesambaziwa uvimbe wa ACTH akaitikia vizuri dawa mbili za kuamsha kinga, ipilimumabu na nivolumabu. Tangu hapo wengine wametibiwa hivyo. Baadhi wamesaidika, baadhi la. Ipo bevasizumabu, inayonyima uvimbe mishipa ya damu. Ipo dawa ya mionzi ya luteshiamu inayochomwa mshipani, kwa uvimbe uliowaka kwenye PET ya aina yake.

Sambamba na hayo, homoni yenyewe inazuiwa. Kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, ikizidi inaweza kuua haraka kuliko uvimbe, kwa sukari, presha na maambukizi, hivyo hutolewa dawa kama ketokonazo au metiraponi. Wengine huondolewa tezi zote mbili za juu ya figo, na hapo uvimbe wa pituitari unaweza kupata nguvu mpya na ngozi kuwa nyeusi zaidi. Kwa ngozi zetu weusi huo hauonekani kirahisi usoni. Angalia fizi, mistari ya viganja na makovu ya zamani.

Nimepewa haidrokotisoni. Nikijisikia vizuri niache?

Usiache. Hii ndiyo dawa inayowaua watu wakiiacha, na ninaomba isomwe na kila mtu wa nyumbani kwako. Pituitari iliyoumia haiamrishi tena tezi za juu ya figo, na vidonge hivyo ndivyo vimeshika nafasi yake. Ukipata homa, malaria au ajali, mwili unahitaji mara mbili au tatu ya dozi ya kila siku. Ukitapika kidonge hakikai, unahitaji sindano ya miligramu 100 upesi: nenda kituo cha afya chochote kilicho karibu na useme "natumia haidrokotisoni, pituitari haifanyi kazi". Yaandike maneno hayo kwenye karatasi ndani ya kava la simu. Ukisafiri kwa basi, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti. Na kama umeandikiwa pia dawa ya tezi ya shingo, haidrokotisoni ndiyo itangulie.

Na Ramadhani?

Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, siyo siku ya tatu ya kizunguzungu. Wapo wanaobadilishiwa dawa na kufunga salama, na wapo ambao hatari ni kubwa. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho au kuishiwa nguvu, fungulia na umeze. Mgonjwa ana ruhusa, na masheikh wetu hulieleza hili vizuri wakiulizwa.

Ni ugonjwa wa ukoo? Au nimechezewa?

Sehemu kubwa haurithiwi. Familia chache zina jeni, kama MEN1 au AIP, na daktari ataligusia hilo kama mgonjwa ni kijana sana au kuna ndugu wenye uvimbe wa tezi. Kuhusu kuchezewa, sitamgombeza mtu kwa kuuliza. Nasema tu kwamba mshipa wa jicho uliobanwa una muda wake, na wiki sita za kwa mganga zinaweza kuwa ndizo zilizobaki kwa jicho kuokoka.

Sista, niambie ukweli, ataishi?

Tafiti za kabla ya temozolomidi zilikuwa za huzuni: wengi waliosambaziwa hawakufika miaka minne, na wengine hawakumaliza mwaka. Uliobaki ndani ya ubongo na mgongo ulikuwa na nafuu kuliko uliofika kwenye viungo vingine. Leo anayeitikia dawa anaweza kuishi miaka mingi. Mmoja wa watatu wangu alifariki miezi mitano baada ya kugunduliwa. Alifia nyumbani, maumivu yametulizwa kwa mofini ya maji, watoto wake wote wamefika. Timu ya tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa, ilikuwa naye tangu mwezi wa kwanza, na ningependa kila mgonjwa aipate mapema hivyo, hata yule anayetegemewa kupona.

Huku kwetu niende wapi?

Tanzania, upasuaji wa ubongo uko MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, mionzi na dawa za saratani ziko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na kwa Kanda ya Ziwa Bugando. Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta, na PET ipo katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Uganda kuna Taasisi ya Saratani pale Mulago. Omba daktari wa homoni, wa upasuaji, wa mionzi na wa saratani wakae meza moja juu ya faili lako. Bima ulizia mapema, kabla ya kuandikiwa, maana temozolomidi ni ghali na vibali huchukua muda.

Nimepona, mwaka wa sita huu. Bado nije kliniki?

Njoo. Yule dereva uvimbe wake ulisinyaa kwa kabegolini, uliobaki ukatolewa puani, akarudishiwa leseni. Nilimpa daftari dogo la kuandikia prolaktini: 18, 22, 20. Akahamia Mbeya, akaona yuko mzima, akakaa miaka miwili bila kuja. Alipima mara moja huko, ikatoka 64, akaambiwa imepanda kidogo tu, asijali. Alirudi kwetu kwa sababu ya mgongo uliokuwa ukimwamsha usiku, na siku hiyo ilikuwa 310. MRI ya kichwa ilikuwa sawa kabisa na ya zamani. Daktari akasoma zile namba tano zilizofuatana, akaisogeza picha ya kichwa pembeni, akaandika ombi la MRI ya mgongo mzima. Ulikuwa kwenye pingili mbili za kifua. Alipigwa mionzi, na wiki tatu baadaye akaanza temozolomidi. Daftari analo bado. Mwezi uliopita tumeandika 41.